Ukijua, Usinisalimie

Fereej Bin Mahmoud, Doha
24 Agosti 2024

Kwa wifi yangu mpenzi Mwanamkuu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto, na mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mimi namshukuru Mungu. Kazi ya hoteli ni ile ile, kutandika vitanda vya watu wasiojua kulala, mtu mmoja huvuruga mito sita. Joto la mwezi huu usiulize. Ukianika kanga, hujaibana ya pili, ya kwanza imeshakauka. Nimekauka nami, ukiniona utanicheka, nawe hujambo kwa kucheka watu.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Nimempa mtu wa Chake anayekuja likizo. Kitochi chako kinasomwa na watoto, na simu ya Mama ni ya mtaa mzima, akiletewa sauti huiweka juu ili majirani wasikie mwanawe wa Arabuni anavyozungumza. Ninalotaka kukwambia halifai kusikika hivyo.

Mumeo Faraji haonekani tangu Ijumaa ya wiki iliyopita.

Unajua alivyo tangu aanguke kwenye ngazi pale karakana. Si mwendawazimu, ni mtu mzima aliyerudi utotoni. Ukimshika mkono anakufuata, hata hakuulizi wapi. Kampuni imemweka kufagia, ikisema mwezi ujao atarudishwa nyumbani, na mwezi wenyewe haufiki. Mussa ndiye anayemwogesha na kumfulia. Wamekua pamoja hapo Wete, wanalala chumba kimoja huku Industrial Area, kwa hiyo sikuwa na hofu.

Mussa anasema walikwenda kusali Ijumaa kama kawaida. Walipotoka msikitini akageuka kumpa mkono mtu wanayejuana, aliporudisha uso Faraji hayupo. Amevaa kanzu nyeupe, kandambili, na kofia uliyomshonea. Wametafuta kwenye karakana, maduka na vituo vya basi. Polisi wameandika. Mimi nimezunguka na picha yake mpaka wenye maduka wananijua.

Usimwambie Mama. Akiuliza mbona Faraji hakupiga Ijumaa, mwambie simu ya Mussa imeharibika. Tumwombe Mungu, huenda mtu mwema amemhifadhi.

Wifi yako,
Rukia


Wete
9 Septemba 2024

Wifi Rukia,

Waalaykum salaam. Hatujambo. Mguu wa mavyaa bado, lakini mdomo wake mzima. Watoto wanakwenda skuli. Nimesoma barua yako jikoni, nikaisoma tena chooni, na sasa naijibu nikiwa nimejifanya nashona kofia ya mtu.

Nitakuuliza jambo moja, unijibu kama unavyomjibu Mungu. Amekufa?

Usikasirike. Mimi watu wetu nawajua. Baba yangu alipofariki nilikuwa nasoma Unguja. Nikaambiwa ana homa kidogo, anataka kuniona. Akatumwa Mjomba Hemedi kunifuata. Kwenye boti akaninunulia soda na biskuti, mtu yule ambaye hajapata kuninunulia hata pipi. Nikamwona mjomba leo kawa mwema, nikacheka naye njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta mikeka imetandikwa barazani na wanawake wamejifunika. Baba alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa nacheka na biskuti mdomoni, na baba yangu yuko ardhini. Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Kwa hiyo tuwekeane ahadi. Ukijua amekufa, usinisalimie. Usiniulize mguu wa mavyaa wala watoto. Anza na jina lake, useme, basi. Na kama hujui, nisalimie kama kawaida, nami nitajua kuwa bado. Mwanamke ana mume au hana. Nikiwa mjane, nina kizuka changu cha kukaa, na dua zangu. Nikiwa mke, nina mtu wa kumngoja. Usiniache mlangoni, nje si nje, ndani si ndani.

La pili ni huyo Mussa. Mtu mzima, mrefu vile, anapotea vipi ukigeuka tu kumpa mtu mkono? Mimi hata mbuzi nikienda naye sokoni najua kamba iko wapi. Simtuhumu. Nasema tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Waambie polisi hivi: kofia yake haina mfano. Ndani, kwenye ukingo, tundu moja nimeikaza kwa uzi wa kijani, nyengine zote nyeupe. Nilifanya hivyo ili isije ikachanganywa na za watu chumbani. Tangu aanguke haivui ila kwa kufuliwa. Hata kwenye simu akinisahau jina ananiambia, "Wewe ndiye wa kofia."

Niandikie upesi. Na ukisema uongo nitajua, kwa kuwa ulikuwa unaniibia haluwa na nilikuwa najua.

Wifi yako,
Mwanamkuu


Doha
2 Oktoba 2024

Wifi yangu Mwanamkuu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Watoto hawajambo? Mguu wa Mama je? Umeona, nimekusalimia. Wallahi sijui alipo, na haluwa sikuiba, nilionja.

Ijumaa iliyopita nilipata mapumziko nikaenda Industrial Area. Chumba chao kina vitanda vya juu na chini, watu sita. Kitanda cha Faraji kimetandikwa vizuri kuliko vyote, Mussa ndiye aliyekitandika. Akanikaribisha chai ya maziwa na mkate, akalia mpaka akaniliza. Akanisimulia tena ya msikitini, maneno yale yale, mpangilio ule ule. Nilitoka nikijilaumu kwa sababu ya barua yako. Nikasema, huyu amemwogesha ndugu yangu muda wote huu, sisi tumekaa kumnusa nguo.

Lakini nilipokuwa kituoni nangoja basi akanifuata mwenzao mmoja wa chumbani, Mkenya anaitwa Mwangi. Akatazama nyuma kwanza. Akaniambia, "Dada, mimi sipendi kuingilia mambo ya watu. Lakini hiyo Ijumaa nilikuwa off, nimelala tu hapo kwa kitanda. Hawakutoka poa. Walitoka na mzozo. Faraji alikuwa analia ka mtoto."

Nikamuuliza alikuwa analilia nini.

"Hiyo Kiswahili yenu ya kisiwa siishiki vizuri. Lakini ni kama alikuwa anadai kitu yake. Mussa akamvuta mkono, wakaenda. Halafu Mussa akarudi solo. Usinitaje, tafadhali. Mimi nalala chini ya huyo jamaa."

Basi likaja. Njia nzima najiuliza kwa nini Mussa hakunieleza hilo la kulia. Labda aliona ni jambo dogo. Faraji hulia hata chai ikipoa. Lakini mtu anayekusimulia mpaka rangi ya shati la aliyempa mkono, anasahauje kwamba walitoka nyumbani na kilio?

Na jengine. Nilikwenda ofisi ya kampuni yao kuonana na mandubu, yule anayeshughulika na karatasi za wafanyakazi. Akafungua kompyuta, akanionyesha. Wamemwandikisha Faraji mtoro. Ametoroka kazini. Nikamwambia mtu huyu hawezi kufunga vifungo vya kanzu yake, atoroke aende wapi? Akasema ndivyo mfumo unavyotaka, mtu asipofika kazini ni mtoro. Akanipa maji ya baridi. Nilitaka kumrushia.

Usiache kuomba dua.

Wifi yako,
Rukia


Wete
20 Oktoba 2024

Wifi Rukia,

Salaam nyingi. Sote wazima.

Muulize Mussa, Faraji alilia nini siku ile. Usimtaje Mwangi, sema umeota.

Na mimi nina langu la kukuuliza. Juzi alikuja shangazi yako wa Konde na kilo mbili za sukari. Jana jirani wa ng'ambo kaleta mchele. Leo Mjomba Hemedi amepita, kakaa barazani, kaniuliza naendeleaje. Watu wanaleta sukari nyumba gani, wifi? Hatuna harusi hapa. Nani amewaambia, na amewaambia nini ambacho mimi hujaniambia? Mbona salamu zako zimekuwa ndefu?

Mavyaa naye tangu sukari ile iingie ananitazama nikila.

Mwanamkuu


Doha
15 Desemba 2024

Wifi yangu,

Assalaam alaykum, na salamu zangu ni fupi leo, usije ukazipima. Hamjambo?

Shangazi nilimwambia mimi. Nilimwomba asome dua na asiseme, akaahidi, nawe unajua ahadi ya shangazi ni ungo wa maji. Nilimwambia kapotea tu. Hiyo ya sukari ni yao wenyewe.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa naogopa kuandika. Mwezi uliopita polisi walinipigia simu. Kuna mtu amelazwa hospitali, hana kitambulisho, hasemi, Mwafrika, umri wa Faraji. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Wifi, nilitembea kwenye ile korido nikiwa nimeshamkumbatia tayari. Nikamfikia. Si yeye. Amekonda, uso umevimba, lakini si yeye. Alinishika kidole akakataa kuniachia, mpaka nesi akamfumbua vidole. Si yeye. Nimemwacha mtoto wa watu hapo, naye wa kwao wanamtafuta kama sisi.

Sasa sikiliza. Nilimuuliza Mussa habari ya kilio. Akashtuka, kisha akasema Faraji hakutaka kuoga, basi. Nikamezea.

Wiki ile ile naenda tena Industrial Area, napanda basi la kampuni yao, dereva ananijua sasa. Ni mzee wa Mombasa, mcheshi. Nikamtazama kichwani. Nikamwambia, baba, kofia yako nzuri, niazime niione mishono. Akanipa huku anacheka. Nikaigeuza ndani. Uzi wa kijani.

Nilikaa chini kwenye ngazi ya basi. Nikamuuliza ameipata wapi. Akasema, "Kanipa Mussa, mwanangu. Imefuliwa, ina wanga, imekaa vizuri. Kaniambia vaa, umwombee mwenyewe."

Umwombee mwenyewe. Nimeyageuza maneno hayo mpaka yamechakaa. Mgonjwa anaombewa, aliyepotea anaombewa, na maiti anaombewa.

Mussa aliwaambia polisi Faraji ametoka amevaa kofia. Ulivyosema wewe, haivui. Sasa kofia imerudije kambini bila kichwa chake? Sijamuuliza. Ana ruhusa ya likizo mwezi wa kwanza, anakuja Wete, na nimeogopa nikimgusa hatafika. Mzee ameniachia kofia, nakuletea kwa msafiri. Uione kwa macho yako, wewe ndiye uliyeishona. Ukimpata Mussa, mshike wewe. Mimi nina huruma ya kijinga.

Wifi yako,
Rukia


Wete
28 Januari 2025

Wifi Rukia,

Waalaykum salaam. Tu wazima. Ruka salamu, soma.

Kofia imefika. Ni yangu. Nimeinusa. Imefuliwa kwa maji ya mchele na marashi, imekaushwa juu ya bakuli, imekaa wima. Ametia mkono mtu anayejua. Nikakaa nayo usiku kucha nikijiuliza: nguo hufuliwa hivi kwa ajili ya nani? Hufuliwa kwa ajili ya mtu atakayeivaa Ijumaa. Na nguo za marehemu nazo hufuliwa hivi hivi, zikatolewa sadaka.

Mussa alikuja Jumapili, na tende na blanketi zito la Arabuni, la kumfaa nani kwenye joto hili sijui. Mavyaa akampokea, akamweka kwenye kiti cha baba mkwe. Akasema tumwombee Faraji, Mungu ana njia zake. Mimi nikaenda jikoni. Nikatengeneza kahawa, nikapanga sinia, haluwa upande mmoja, na katikati nikaweka kofia nikaifunika kawa. Nikamtengea. Nikamwambia, "Karibu, shemegi, funua ule."

Akafunua.

Rukia, nimeona watu wakitishika. Huyu hakutishika, alichoka. Akairudisha kawa juu yake polepole, kama anayefunika uso wa mtu. Mavyaa akauliza kuna nini.

Nikamwambia, "Umewaambia polisi alitoka ameivaa."

Akasema aliona haya. Akasema yeye humfulia kila Alhamisi ili aivae Ijumaa. Alhamisi ile alichelewa kazini, akaifua asubuhi ya Ijumaa yenyewe, ikawa haijakauka. Faraji akalia hataki kutoka bila kofia. Yeye akamvuta, wakaenda, na njiani Faraji akamponyoka kurudi kuitafuta kofia yake. Hawakufika hata msikitini. Aliona haya kusema amempoteza mgonjwa kwa ajili ya kofia mbichi, ndiyo akasema ya msikitini.

Mavyaa akaanza kulia. Nami nilikaribia, Mungu anajua. Maneno yale yalikuwa yanamfanana Faraji kabisa. Nikamwona anakwenda peke yake barabarani, kichwa wazi, anatafuta kofia.

Kisha nikakukumbuka wewe na kanga zako. Njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia, "Haikukauka? Doha? Mwezi wa nane?"

Akasogeza kikombe chake.

"Wifi yangu anasema ukianika kanga ya pili, ya kwanza imekauka. Kofia ndogo hii, toka asubuhi mpaka adhana, haikukauka?"

Akasema alianika ndani. Kisha akasema kulikuwa na kiyoyozi. Kisha akasema hakumbuki. Nikamuuliza hilo moja tu nililolitaka: "Mussa, hii uliifua kwa ajili ya aliye hai au maiti?"

Akasema, "Niliendelea kuifua kila Alhamisi, hata baada ya yeye kupotea. Ili siku akirudi aikute. Halafu nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

Hakunijibu, wifi. Hapo ndipo penyewe. Mtu anayengoja haachi. Ukiacha, umechoka au umejua. Nikarudia kumuuliza. Akaichukua kahawa iliyopoa akainywa yote, akamwomba mavyaa radhi, hakusema radhi ya nini, akatoka. Nikatuma kwao kesho yake, nikaambiwa ameondoka na boti ya asubuhi. Likizo yake ilikuwa bado haijaisha.

Sasa na la humu ndani. Nilipomgeukia mavyaa nimtulize, akasema, "Mimi najua mwanangu kapotea tangu Ijumaa ile simu haikulia. Nilikuwa nakuficha wewe." Miezi yote hii, mwanamke na mkwewe, kila mmoja anamtilia mwenziwe mchuzi na kumchekea. Tumelia mpaka watoto wakaamka. Tangu siku hiyo tunakula sahani moja.

Neno la mwisho, na ukinuna nuna. Yule mtu wa hospitali, umesema "si yeye" mara tatu. Mtu mwenye hakika husema mara moja. Uso umevimba, umesema. Umetazama nini mpaka ukajua?

Mwanamkuu


Doha
12 Machi 2025

Mwanamkuu,

Assalaam alaykum. Ramadhani njema kwenu. Nakusalimia ingawa nimekasirika.

Unanishuku mimi. Mimi niliyetembeza picha yake mpaka imechanika kona. Nilitazama mkono. Faraji ana kovu la mbuzi ya kukunia nazi kwenye dole gumba la kulia, mimi ndiye niliyemsukuma tulipokuwa wadogo. Yule mtu hana. Nilisema mara tatu kwa sababu nilikuwa naiambia nafsi yangu, si wewe. Nilipotoka pale nilikuwa na furaha, kisha nikaona aibu kwa furaha ile.

Mussa hakurudi kambini. Mwangi amenipigia, godoro lake liliviringishwa tangu siku alipoondoka, kumbe hakuacha kitu. Alitoka kuja likizo akiwa ameshafunga virago. Simu haipatikani. Mandubu kamwandika naye mtoro. Nimewaeleza polisi mambo ya kofia, wameandika, wakaniambia watamtafuta, lakini ameshatoka nchini. Kwenu huko ameonekana? Tanga? Dar? Mtu akimwona Mussa, amuulize kwa niaba yangu kwa nini aliacha kuifua.

Usiku mwengine nasema Mussa amemuuza, amempeleka kwa watu. Mwengine nasema alimpiga siku ile, akaanguka vibaya, akaogopa. Mwengine nasema ni kweli alimponyoka tu, na huyu mtu analiwa na dhamiri mpaka hajui aseme nini, na sisi tumemfukuza. Mwangi anasema aliwahi kumkuta anaongea na kitanda kitupu. Sijui. Nimechoka kumchukia mtu ambaye sijui kama anastahili.

Mama ananiambia kwa simu kwamba wazee wanataka kusoma hitma na wewe uingie kizuka. Kwamba Mjomba Hemedi ameshakwenda kwa kadhi kuuliza. Wewe unasemaje? Usikubali kwa ajili ya kuwaridhisha watu wa sukari.

Nilitaka kukunyima hili lakini tumeahidiana. Polisi wamenipigia tena jana. Wanataka niende Jumatatu. Hawakusema ni kwa ajili ya nini, na kwa Kiarabu changu cha hotelini nimeshindwa kuuliza vizuri. Nikirudi nitakuandikia.

Wifi yako,
Rukia


Wete
11 Mei 2025

Wifi yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na kazi inakwenda, na joto halijaanza. Nakusalimia mimi leo, tena kwa kirefu. Watoto hawajambo, mkubwa amehitimu juzuu ya tatu. Mguu wa mavyaa umepona kabisa, amini usiamini, anapanda ngazi. Mkarafuu wa nyuma umechanua. Hata sina haraka.

Ramadhani ilikwisha, Idi ikapita, barua yako haikuja. Sikukupigia, nawe hukunipigia. Simu naiogopa, nikiisikia sauti yako nitajua kabla hujasema. Nikajiambia msafiri hajapatikana. Watu wa Chake walikuja likizo wawili, nikawafuata mmoja mmoja, hawana kitu changu.

Leo baada ya alasiri amekuja Mjomba Hemedi. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi, siku ya kawaida. Nyuma yake shangazi yako wa Konde, na mke wa shehe. Mavyaa alikuwa anapeta mchele, akaacha.

Mjomba amebeba bahasha yako. Anasema umemtumia yeye, kwa mkono wa mtu, ili anipe. Anasema hajaisoma. Na mkono wa pili, wifi, amebeba mfuko. Nikautazama ule mfuko kabla ya bahasha. Ameutua mezani. Soda na biskuti.

Watoto wamekunywa soda. Mimi nimeipokea bahasha nikaenda nayo chumbani, nikafunga mlango, na mpaka sasa usiku huu wamekaa huko barazani, hawaondoki, hawasemi kwa sauti. Nasikia mikeka inakunjuliwa. Labda ni ya kukalia tu.

Bahasha nyembamba. Barua zako zote zilikuwa nene, unavyopenda maneno. Nimeiinua kwenye taa, nikaiteremsha haraka. Nimeiweka chini ya kofia, na kofia nimeifua leo asubuhi kabla hawajaja. Leo Jumapili, najua, si siku yake. Tangu ulipoileta naifua kila Alhamisi, na juma hili nilikuwa na homa ikanipita. Huenda Mussa naye ilianza hivyo. Ikampita moja.

Mavyaa amekuja mlangoni mara moja. Sikumfungulia. Akasema, "Mwanangu, usipoifungua hutajua." Nikamwambia, "Mama, na nikiifungua?" Akakaa chini hapo hapo nje ya mlango, namwona kivuli chake.

Ulitimiza ahadi, najua wewe ni mtu wa kutimiza. Ndiyo maana siwezi. Mwengine angeniandikia ningefungua, maana angenidanganya kwanza. Mstari wako wa kwanza ndio wote.

Labda nimekosea. Labda umempa Mjomba kwa kuwa mtu uliyemtuma anatoka mtaa wake. Labda ameona leo anunue biskuti, binadamu hubadilika. Labda ndani umeniuliza mguu wa mavyaa, nami nimekaa hapa najifia bure, na kesho utanicheka mpaka Idi ya pili. Nicheke.

Kesho wanataka niifungue mbele ya watu. Sitaifungua. Watakachokifanya watakifanya, wasome hitma yao, mimi nguo ya kizuka sivai kwa barua ambayo sijaiona.

Niandikie nyengine, wifi. Mpe mtu yeyote, asiyeninunulia kitu. Iandike ndefu, ya upuuzi, habari za mito na vitanda. Ianze na salamu. Mimi nangoja.

Wifi yako,
Mwanamkuu, mke wa Faraji